Mvinyo wa asili wa Beaujolais na zabibu zetu za Dodoma

Naishi Lyon, na kila msimu wa mavuno napanda vilima vya Beaujolais, kaskazini ya jiji hili, kuvuna zabibu kwa kibarua. Kuna jambo limenikaa moyoni na leo nimeamua kuliandika. Wafaransa wengi, hasa vijana, siku hizi wanalipa pesa nyingi kwa kinywaji kilichochacha chenyewe, kisichotiwa kitu, chenye ukungu kidogo ndani ya glasi. Sisi Watanzania kinywaji cha namna hiyo tunakionea aibu. Akija mgeni tunakificha uani, tunatuma mtoto dukani akanunue chupa ya Afrika Kusini.

Ndugu zangu msiotumia kileo, nawaheshimu, na siandiki ili kumshawishi mtu anywe. Suala hili ni la kilimo na la mkulima pia, kwa hiyo naomba msome.

Wengi wetu tunadhani mvinyo ni zabibu zilizokamuliwa zikachacha, basi. Mvinyo wa kawaida wa kiwandani una safari ndefu kuliko hiyo. Zabibu zikifika, mara nyingi zimevunwa na mashine, hutiwa salfaiti, kemikali ya salfa ya kuhifadhia, mapema ili kudhoofisha chachu na bakteria zilizokuja nazo kutoka shambani. Kisha inatiwa chachu ya pakiti iliyochaguliwa maabara, pamoja na chakula cha chachu hiyo ili isikwame njiani. Pakiwa na baridi na zabibu hazikupata sukari ya kutosha, sheria za baadhi ya maeneo zinaruhusu kuongeza sukari, mbinu iliyopewa jina la Chaptal, mkemia aliyekuwa waziri wa Napoleon. Pakiwa na joto kali huongezwa asidi. Baadaye mvinyo husafishwa kwa udongo wa bentonaiti, ute wa yai au protini ya maziwa, unachujwa mpaka unang'aa, halafu salfaiti inarudi tena kabla ya kutiwa chupani.

Yote hayo ni halali, na ndiyo yanayofanya chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Kinachonikera ni kwamba kwa miaka mingi mnywaji hakuambiwa. Biskuti ilikuwa na orodha ya viambato, mvinyo haukuwa nayo. Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha orodha hiyo kwa mvinyo uliotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023, na hata sasa mzalishaji anaweza kuiweka nyuma ya msimbo wa kuskani kwa simu.

Mvinyo wa asili unakwenda njia nyingine. Zabibu zinalimwa bila dawa za viwandani, zinavunwa kwa mkono, na hakuna kinachoongezwa. Chachu ni ile iliyo kwenye ganda la zabibu na kwenye kuta za ghala. Hakuna kuchuja kwa nguvu wala kuchemsha. Salfaiti haitiwi kabisa, au inatiwa kidogo mwishoni. Kwa Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida unaruhusiwa kufikisha miligramu 150 za salfaiti kwa lita, na mweupe 200. Mwaka 2020 Ufaransa ilikubali alama ya hiari inayoitwa Vin Méthode Nature, na humo kikomo ni miligramu 30, ikiwa na nembo tofauti kwa wale wasioongeza hata chembe. Sifuri kamili haipo, kwa sababu chachu yenyewe huzalisha salfaiti kidogo inapofanya kazi.

Hapa Beaujolais zabibu ni za aina iitwayo Gamay. Vichala vizima, pamoja na vikonyo vyake, vinamiminwa ndani ya tangi na kufunikwa. Vile vya chini vinapondeka kwa uzito, vinaanza kuchacha na kutoa hewa ya kaboni inayojaza tangi, na humo ndani punje ambazo hazijapasuka zinaanza kubadilika zenyewe kutoka ndani. Ukifungua mfuniko unapata harufu ya maua na matunda mabichi ambayo sijaikuta penye mvinyo wa chachu ya pakiti. (Usiingize kichwa, hewa ile inaua. Wafanyakazi wa ghala wanaonywa juu ya hilo kila mwaka.)

Si desturi ya kale iliyobaki bila kuguswa. Baada ya vita vya pili vya dunia wakulima wa hapa walipokea mbolea, viua magugu na chachu za dukani kama wengine wote. Mvinyo mpya wa Novemba, ule unaouzwa wiki chache tu baada ya mavuno, ulipovuma duniani, mwingi ulitengenezwa haraka, na chachu iitwayo 71B ilijulikana kwa kuupa harufu ya ndizi. Aliyekwenda kinyume alikuwa Jules Chauvet, mkemia na mfanyabiashara wa mvinyo, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki 1989. Alichunguza chachu za mashambani kwa darubini na kuonyesha kwamba mvinyo unaweza kusimama bila salfaiti, ila kwa zabibu safi, ghala safi na baridi ya kutosha. Mkulima wa Morgon, eneo mojawapo la Beaujolais, Marcel Lapierre, alimsikiliza, na wenzake wa jirani, Foillard, Breton na Thévenet, wakafuata. Naona ni muhimu kulisema hili, kwa sababu watu hudhani wa asili maana yake ni kuacha mambo yaende yenyewe. Chauvet alikuwa mtu wa maabara. Ili usitie kitu, lazima ujue zaidi.

Sasa niwarudishe nyumbani. Mgema wa pwani anapanda mnazi, anachonga kikonyo cha ua, maji matamu yanadondoka kibuyuni, na chachu za humo zinaanza kazi kabla hajashuka. Asubuhi tembo ni tamu, jioni ni kali, ukilichelewesha linakuwa siki. Iringa na Njombe, msimu wa mvua, machipukizi ya mianzi yanakatwa na ulanzi unakingwa ndani ya mbeta, chombo cha mwanzi, nao pia hauombi pakiti ya mtu. Ujuzi ule ule ambao huku una wauzaji maalumu na wanywaji wanaokuja kutoka Japani, kwetu tumeuachia kilabuni, na kijana aliyesoma haonekani nao. Hilo linaniumiza. Hatujawahi kumpa mgema heshima anayopewa mkulima wa Morgon, ingawa kazi yake ni ya hatari zaidi.

Lakini zabibu tunazo pia. Dodoma, pamoja na ukame wake, inavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anapogoa na mmea unaanza upya. Beaujolais wanavuna mara moja, na baridi kali ya Aprili ikipita vibaya usiku mmoja, mwaka umekwenda. Kwa hiyo ardhi na jua tumepewa. Tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na kwetu ni nafasi ya mkulima. Huku hata mwenye ekari chache anaweza kuwa na tangi lake, chupa zake na jina lake kwenye lebo. Kwetu mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anauza zabibu kwa kilo au mchuzi wa zabibu kwa lita, na mnunuzi akichelewa, zabibu hazisubiri. Malalamiko ya kukosa soko tumeyasikia kila baada ya misimu michache.

Ndiyo maana naamini mvinyo wa asili unatuhusu. Hautaki mashine ya mamilioni ya kuchuja, wala chachu na vimeng'enya vya kuagizwa kwa dola. Unataka zabibu zisizooza, mikono mingi, na usafi usiolegalega. Mikono na zabibu tunavyo.

Sitawadanganya kwamba kila chupa ya asili ni nzuri. Nimekunywa nyingine zilizokuwa siki tupu, na nyingine zinazoacha mdomoni harufu ya kizimba cha panya, kasoro inayofahamika na kila mtu wa kazi hii. Muuzaji anayekwambia kwamba hiyo ndiyo ladha ya asili anakukosea. Wala si dawa: kileo ni kile kile, na kulewa ni kule kule. Baadhi ya watu wenye pumu hudhurika na salfaiti, hao wana sababu ya kweli ya kuikwepa, lakini anayeahidi kwamba hutaumwa kichwa kesho yake anafanya biashara. Tena, hata shamba lisilotumia dawa za viwandani hupuliziwa salfa na shaba dhidi ya ukungu. Ulaya imeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Dodoma kikwazo ni joto. Zabibu zikiiva juani asidi inashuka, na asidi ikishuka bakteria wabaya wanapata mwanya. Chauvet angesisitiza baridi kwanza. Inabidi kuvuna alfajiri au usiku, mapema kidogo kabla sukari haijapanda sana, kutupa kila punje iliyooza pale pale shambani, na kuwa na chumba kimoja kilichopozwa vizuri. Chumba hicho mkulima mmoja hakimudu. Ushirika unakimudu.

Wataalamu tunao Makutupora, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Ombi langu kwao na kwa viongozi wa ushirika ni dogo: msimu ujao tengeni tangi moja tu. Vuneni alfajiri shamba moja linalojulikana mwenyewe, msitie chachu ya pakiti, pimeni joto na asidi kila siku na muandike. Ukiharibika, mtajua umeharibikia wapi. Ukisimama, tieni chupani na muandike jina la kijiji na la mkulima kwenye lebo, na mimi nitatafuta mtu wa kuuonja hapa Lyon.