Gari la kasi hapa Dar lihesabiwe saa, si kilomita

Injini ya gari langu ilianza kugonga Mwenge, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikitoka Posta kurudi Tegeta. Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2005, toleo la Japani, injini ya EJ207, lita 2.0 na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Mlio ulikuwa mzito, kama mtu anapiga bomba kwa nyundo kutoka chini. Nilizima hapo hapo, nikaita gari la kuvuta. Injini ilipofunguliwa, bering moja ya konrodi, fimbo inayoshika pistoni, ilikuwa imelika na krenki, yaani shafti kuu ya injini, imekwaruzika.

Kilichoniuma ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepita gereji niliyoizoea, nikamwambia fundi sipendi rangi ya oili. Alitazama kikaratasi cha sevisi kwenye mlango wa gari, akasema, "Kaka, kilomita bado. Umetembea 4,100 tu, subiri 5,000." Nikamwamini. Oili ilipomwagwa ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na imepungua karibu lita nzima. Injini hii inabeba lita nne na kitu, kwa hiyo robo yake ilishaondoka.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na nauamini kabisa: kwa gari la namna hii, ndani ya jiji hili, dashibodi inakudanganya. Piga hesabu mwenyewe. Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 25. Asubuhi mbaya unatumia saa mbili, yaani mwendo wa kilomita 12 na nusu kwa saa. Ukisubiri 5,000 kwa mwendo huo, injini imenguruma saa 400. Anayekwenda Morogoro kila siku kwa mwendo wa 80 anafikisha 5,000 zile zile kwa saa 62 na nusu. Vikaratasi vyao vya mlangoni vinasoma sawa, ilhali oili ya mmoja imepikwa mara sita zaidi ya ya mwenzake.

Wakazi wa Dar tunalijua jambo hili, tumelizoea tu kwa chombo kingine. Enzi za mgao wa umeme, nani aliuliza jenereta limetembea kilomita ngapi? Linahesabiwa saa, na majenereta mengi ya dizeli hufanyiwa sevisi kila saa 250. Gari lililokwama Makumbusho ni jenereta lenye matairi.

Na STI inaumia kwenye foleni kuliko magari mengi. Intakula yake, kile kipoza hewa ya tabo, imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti. Ikitembea, upepo unaingia pale na kuipoza. Ikisimama upepo hakuna, na joto la injini linapanda moja kwa moja hadi kwenye intakula, Februari ya Dar nayo inaongezea lake. Halafu foleni inafunguka, unakanyaga mafuta kwa hamu, na tabo inasukumia injini hewa ya moto. Siku hizi nikitoka kwenye foleni ndefu naendesha taratibu dakika kadhaa kabla ya kudai nguvu yoyote. Nikifika nyumbani baada ya mwendo mkali naiacha ingurume kidogo kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupita kwenye tabo ipoe.

Mkanda wa taimingi, unaozungusha valvu sambamba na pistoni, nao usingoje kilomita. Kiwanda kinataja 100,000, lakini mpira unazeeka kwa joto na miaka, na kwenye injini hii ukikatika valvu zinagongana na pistoni na injini inaharibika. Nilipolitoa gari bandarini lilisoma 96,000. Wiki ya kwanza nilibadilisha mkanda, tenshena na waterpampu kwa pamoja, na sijawahi kuijutia pesa ile. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu wa pwani tunaujua, kwa hiyo kwangu ni kila mwaka. Spea nanunua Gerezani, ile ya zamani nikiwa nimeishika mkononi, nalinganisha namba moja moja, maana halisi na feki zinakaa rafu moja.

Wapo ndugu zangu wanaosema gari hili halifai Dar, niliuze ninunue la kawaida. Siwaelewi. Jumapili alfajiri, barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu baada ya Bunju, gia ya tatu, tabo inaanza kuvuta, kila shilingi niliyoitia inarudi. Gari linafaa. Kalenda tuliyolipangia ndiyo haifai.

Kwa hiyo nina daftari dogo ndani ya gari. Naandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Oili namwaga kila saa 150, sintetiki ya 5W-40, pamoja na filta. Na kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi na gari limesimama tambarare, navuta stiki ya oili mwenyewe. Simwachii mtu.

Fundi wangu wa sasa yuko Ilala, mzee mtaratibu. Mwanzoni daftari lilimshangaza. Mwezi uliopita nilimpelekea gari, na kabla hajafungua boneti akauliza, "Saa zimefika ngapi, mwanangu?" Nikamwambia 148. Akaenda kuchukua beseni la oili.