Ombi la Mwenye Pingu

Askari akitaka kuona kilichomo ndani ya begi lako, njia rahisi kuliko zote si kwenda kwa hakimu kuomba hati ya upekuzi. Ni kukuuliza tu. "Naomba niangalie humo ndani, hakuna shida?" Nawe unajibu, "Hakuna shida, afande," huku mkono umeshafika kwenye zipu. Hapo kinga uliyoandikiwa kwenye katiba imekwisha kazi yake, kwa sababu machoni pa sheria hakuna aliyekuingilia. Umemkaribisha mwenyewe.

Mimi naona ridhaa anayopewa mtu mwenye sare, pingu na uwezo wa kukulaza mahabusu haistahili kuitwa ridhaa. Sheria nyingi zinajifanya hazilioni hilo, na zinajifanya hivyo kwa kuwa linairahisishia dola kazi. Sisemi askari ni watu wabaya. Wengi huuliza kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo inayolivalisha agizo nguo ya ombi.

Kesi iliyolijenga jambo hili huko Marekani ni Schneckloth dhidi ya Bustamonte, iliyoamuliwa mwaka 1973. Usiku wa manane, mjini Sunnyvale, California, askari wa doria alisimamisha gari kwa sababu taa yake moja ya mbele na taa ya namba zilikuwa zimeungua. Ndani mlikuwa na wanaume sita. Dereva hakuwa na leseni. Wote wakaambiwa washuke, na askari wengine wawili wakawa wamefika. Ndipo abiria mmoja, aliyesema gari ni la kaka yake, alipoulizwa kama linaweza kupekuliwa. Akasema lipekuliwe tu. Chini ya kiti cha nyuma zikakutwa hundi tatu za wizi, na mwenzao mmoja akafungwa kwa ajili ya hundi hizo.

Itazame picha hiyo vizuri: usiku, barabarani, umeshushwa kwenye gari, askari watatu mbele yako. Halafu unaulizwa kama una pingamizi.

Swali lililofika Mahakama ya Juu lilikuwa jepesi kulisema: je, serikali ithibitishe kwamba yule mtu alijua anaweza kukataa? Majaji sita dhidi ya watatu wakajibu hapana. Kujua haki yako, walisema, ni jambo mojawapo tu la kupimwa pamoja na mengine, na kumtaka askari atoe onyo kila mara kabla ya kuomba ni kitu kisichotekelezeka. Jaji Thurgood Marshall, mmoja wa wale watatu, hakukubali. Kwa maoni yake, kilichokuwa kinalindwa pale ni uwezo wa polisi kuendelea kunufaika na ujinga wa raia, basi. Miaka zaidi ya 50 baadaye bado sijakutana na jibu la maana kwa hoja yake.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 1966, mahakama hiyohiyo katika kesi ya Miranda ilikuwa imeamua kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi lazima aambiwe ana haki ya kunyamaza kabla hajahojiwa. Onyo hilo limetekelezeka nchi nzima hadi leo, tena kwa sentensi chache tu. Kwa hiyo mdomo wako ulistahili onyo, begi lako halikustahili.

Mwaka 1996 mambo yakasogea mbele kidogo, na si upande wa raia. Mahakama ya jimbo la Ohio ilikuwa imeweka kanuni kwamba askari wa barabarani akishamaliza shughuli yake amwambie dereva kuwa sasa yuko huru kwenda, ndipo aombe kitu kingine chochote. Dereva wa kesi iliyozaa kanuni hiyo alikuwa ameonywa kwa mwendo kasi, karudishiwa leseni, na akiwa bado amesimama pale akaulizwa kama gari lake linaweza kupekuliwa. Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni ya Ohio. Katiba, ilisema, haimtaki askari aseme hivyo. Nani kati yetu, akiwa amesimama kando ya barabara na gari la polisi nyuma yake, angekisia kwamba mazungumzo yalikwisha zamani na kwamba kinachoendelea sasa ni porojo za hiari?

Kwa muda mrefu nilikuwa na dawa moja kwa ugonjwa huu: waambiwe. Kila askari aseme, "Una haki ya kukataa," na mambo yatanyooka. Dawa hiyo ilitiwa maji na utafiti wa mwanasheria Roseanna Sommers na mwanasaikolojia Vanessa Bohns, uliochapishwa mwaka 2019. Watu waliofika maabara kushiriki utafiti waliombwa waifungue simu yao na kumkabidhi mtafiti, aende nayo nje ya chumba akaichungulie. Zaidi ya tisa katika kila kumi wakatoa. Kundi jingine halikuombwa simu. Lilielezwa tu tukio hilo na kuulizwa kama mtu mwenye akili timamu angekubali. Wengi wao walisema asingekubali. Tukikaa pembeni sote ni majasiri, na kwa bahati mbaya pembeni ndiko anakokaa jaji anapoamua kama ridhaa ya mtu ilikuwa ya kweli.

Lakini kilichonigusa ni sehemu ya pili. Watu walipoambiwa waziwazi kwamba wanaweza kukataa, idadi ya waliotoa simu haikupungua kwa kiasi cha maana. Na hawa walikuwa mbele ya mtafiti asiye na bunduki wala mamlaka yoyote juu yao. Ukifikiri vizuri, si ajabu. Anayeombwa hapimi haki zake. Anapima kitakachofuata akikataa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kukataa kunaonekana kama kukiri, kunachelewesha safari, kunamuudhi mtu ambaye hutaki audhike. Onyo haliondoi hata kimoja katika hivyo.

Basi tuache kumbebesha raia mzigo huu peke yake. Tatizo liko kwenye kuuliza, na ndiko sheria inakopaswa kushika. Uingereza na Wales walishafika huko. Tangu mwaka 2003 mwongozo wa kisheria wa upekuzi wa barabarani unasema askari asimpekue mtu, hata kwa ridhaa yake, mahali ambapo hana mamlaka ya kisheria ya kupekua. Soma tena hayo maneno, "hata kwa ridhaa yake". Ama askari ana sababu inayotambuliwa na sheria, ama hana, na neno "sawa" lako haliwezi kuziba pengo. Kule Marekani nako, jimbo la New Jersey liliamua mwaka 2002, kwa katiba yake lenyewe, kwamba askari aliyesimamisha gari kwa kosa la barabarani asiombe ridhaa ya kulipekua mpaka awe na shaka ya msingi kuhusu uhalifu.

Najua jibu linalokuja: wahalifu watapona. Ni kweli, baadhi watapona. Zile hundi tatu zilikuwa za wizi kwelikweli. Ila angalia jinsi kesi zinavyotufikia. Kesi inafika mahakamani pale ambapo kitu kimekutwa. Yule aliyepekuliwa gari zima, nguo zake za ndani zikatandazwa juu ya boneti mbele ya watoto wake, kisha hapakukutwa kitu, hana kesi. Anakusanya vitu vyake anaondoka. Hakuna jaji atakayemsikia, wala jina lake haliingii kwenye vitabu vya sheria. Ukijifunza upekuzi wa ridhaa kutoka mahakamani tu, utadhani kila begi lina hundi za wizi.

(Na hoja ya "kama huna cha kuficha" siipi zaidi ya mabano haya. Anayeisema bado anafunga mlango wa choo.)

Kwenye simu ndiko mzaha huu unakotisha. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote tisa walikubaliana kwamba polisi hawawezi kuichungulia simu ya mtu waliyemkamata bila hati ya mahakama, isipokuwa kwa dharura. Walielewa kwamba simu si kama pakiti ya sigara iliyokutwa mfukoni. Inabeba picha, barua, ramani ya ulikopita, maisha ya miaka mingi. Uamuzi mzuri, na naupongeza. Kisha ridhaa inaupitia kando. "Fungua nione kidogo tu" inatosha. Tena begi likipekuliwa upekuzi unaisha, zipu inafungwa. Simu inaweza kunakiliwa yote na nakala ikabaki. Na humo hamna wewe peke yako: mna ujumbe wa dada yako kuhusu ndoa yake, mna majibu ya hospitali ya rafiki aliyekuamini. Hao hakuna aliyewauliza.

Nikihama kutoka barabarani kwenda kwenye dirisha la ofisi ya serikali, naona kitu kilekile kimevaa suti. Unapewa fomu yenye kisanduku cha "nakubali taarifa zangu zitumike". Usipokiwekea alama, huduma hupati. India iliwaandikisha watu kwa alama za vidole na mboni za macho katika mfumo wa namba za utambulisho uitwao Aadhaar, na mwanzoni jambo hilo lilielezwa kuwa la hiari. Baada ya muda namba hiyo ikadaiwa kwenye ruzuku, kodi, akaunti za benki na laini za simu. Mwaka 2017 majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo walitamka kwa kauli moja kwamba faragha ni haki ya msingi, na mwaka uliofuata mahakama ikafuta sharti la benki na la simu, huku ikiliacha la kodi na la ruzuku. Hiari iliyobaki ni ya mtu asiyehitaji msaada wowote wa serikali.

Kwa jambo hili Ulaya wamesema ukweli ambao ningependa uhamishiwe barabarani. Sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaeleza kwenye utangulizi wake kwamba ridhaa isitegemewe kuwa msingi halali pale penye tofauti kubwa ya nguvu kati ya pande mbili, na mfano inaoutaja ni mamlaka ya umma. Kama ridhaa mbele ya karani mwenye kalamu inatiliwa shaka, mbele ya mwenye pingu iweje iaminike?

Mpaka sheria zibadilike, mtu afanye nini? Ajue kwanza sheria ya mahali alipo, maana zinatofautiana: kuna kunakodai utaje jina lako unapoulizwa, kuna ambako hulazimiki. Kisha aseme kwa sauti ya kawaida, isiyo na ukali: "Afande, sikubali kupekuliwa, lakini sitakuzuia kwa mikono." Sehemu zote mbili za sentensi hiyo ni muhimu. Ya kwanza inabaki kama ushahidi. Ya pili inakuepusha na kipigo na kosa jipya. Na aulize, "Naweza kwenda?" Kunung'unika au kutingisha mabega hakutoshi, kwa kuwa baadaye kila mmoja atalisimulia bega hilo kwa faida yake.

Nyumbani kuna mtego mwingine. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba wakaazi wawili wakiwa mlangoni, mmoja akakubali na mwingine akakataa, polisi wasiingie. Mwaka 2014 ikaja kesi ya mwanaume wa Los Angeles aliyewakatalia polisi mlangoni kwake. Alikamatwa kwa tuhuma za unyang'anyi, akaondolewa. Kama saa moja baadaye askari wakarudi, wakamwomba mwanamke aliyekuwa akiishi naye, naye akaruhusu. Majaji sita dhidi ya watatu waliona upekuzi ule ni halali, kwa kuwa aliyekataa hakuwepo tena, na waliomwondoa walikuwa na sababu halali ya kumkamata. Kwa hiyo mnaoishi pamoja lizungumzeni hili mapema, kila mmoja ajue atajibu nini akibaki peke yake mlangoni.