Mpiga Picha Hana Kadi

Najua toleo la MC mmeshalisikia. Alilirusha kwenye kundi la wapiga picha wa Moshi kabla sijavua hata viatu, na kwa mujibu wake nilipiga sendofu nzima bila kutoa kifuniko cha lenzi. Uongo mtupu. Ukisahau kifuniko huoni kitu, iwe kamera yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) iwe isiyo na kioo. Ni giza tu, na hata mimi giza nalijua. Ukweli wenyewe ni mbaya zaidi, kwa hiyo afadhali niutoe kwa mkono wangu.

Wazoefu wa hapa mnaijua Nikon D7000 yangu. Kamera ya mwaka 2010, megapikseli 16, imekula vumbi na mvua na bado inadunda. Ugomvi wetu ulikuwa kumbi hizi za taa za zambarau. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, suti nyeusi ya baba wa bi harusi inaota chembe za rangi. Ukishuka 1600, shata (pazia la kupitisha mwanga) inapungua kasi na wote wanaocheza wanatoka ukungu. Flashi unaweza kuitegemea kwa watu wa mbele, lakini meza za nyuma zinazama gizani, na huko nyuma ndiko wanakokaa wajomba waliotoa michango mikubwa. Nikaamua kuhamia fremu kamili, yaani sensa (kile kibao kinachonasa picha) ya milimita 36 kwa 24.

Zikabaki mbili mezani, zote mitumba. Ya kwanza D750 ya mwaka 2014: megapikseli 24, matundu mawili ya memori za SD, betri ileile EN-EL15 niliyo nayo, na mota ndani ya bodi ya kuzungusha lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D yangu. Ya pili Z6 ya mwaka 2018, isiyo na kioo: megapikseli 24.5, sensa inayotulizwa ndani ya bodi mkono ukitetemeka, pointi 273 za kulengea zinazofika karibu na kingo za picha, na kwenye kitundu cha kuchungulia unaona mwanga wa picha yako kabla hujabonyeza. Akili ilinituma D750. Macho yakanipeleka Z6.

Na msinitukane, kukagua nilikagua. Nilipiga JPEG moja, nikasoma ndani ya faili shata imefyatuka mara ngapi. Ile ya Z6 imetengenezwa kuhimili 200,000. Nikabana tundu la lenzi hadi f/16 nikapiga ukuta mweupe kutafuta madoa kwenye sensa, kwa sababu kamera isiyo na kioo ukitoa lenzi sensa inabaki wazi na vumbi linajikaribisha. Nikajaribu betri zangu za zamani: zinafanya kazi, ila kuchaji ndani ya kamera kwa waya ni mpaka uwe na EN-EL15b au ya baada yake. Adapta ya FTZ, ya kufungia lenzi zangu za zamani kwenye Z6, nayo nikaijua tabia: haina mota, kwa hiyo 50mm yangu ya D utalenga kwa mkono, lakini lenzi za AF-S, zenye mota yake ndani, kama 24-70 yangu zinalenga zenyewe.

Mlango wa memori niliufungua, nikaufunga. Tundu moja. Tena si la SD, ni la XQD, memori nene na pana kuliko SD. Walionunua mwanzo walilalamika sana, na Z6 II ilipokuja mwaka 2020 ilikuwa na tundu la SD pembeni ya lile. Mimi muuzaji alinipa XQD moja ya GB 64 na risa yake (kifaa cha kuisomea kwenye kompyuta), nikajiambia moja inatosha, mtu mzima mimi.

Hapa ndipo D7000 inapostahili kuombwa radhi. Ile ina matundu mawili, na la pili nililiweka liwe akiba: kila picha inaandikwa kote kote. Miaka yote nikitoa memori ya kwanza kunakili, nikaisahau kwenye kompyuta, ile ya pili ilikuwa inanibeba kimyakimya. Nilikuwa msahaulifu mwenye bima na sikujua.

Usiku wa kuamkia sendofu nikanakili picha za majaribio. XQD ikalala kwenye risa, risa ikalala kwenye kompyuta, na mimi nikalala. Asubuhi nikabeba begi lenye pochi nzima ya SD. Nilijiona tajiri.

Sasa mtaniuliza: kamera isiyo na memori inapigaje? Inapiga. Nikon wana kipengele kwenye menyu cha kuamua shata ifungwe au iachiwe tundu likiwa tupu, na yangu ilikuwa imeachiwa, pengine ili wateja wajaribu dukani. Ikiwa hivyo kila kitu kinakwenda: shata inalia, inalenga macho ya watu, picha inatokea kwenye skrini, nzuri kabisa. Juu yake inaandika "Demo". Na pale panapokaa idadi ya picha zilizobaki inaandika -E-.

Niliviona vyote viwili. Msidhani sikuviona! "Demo" nikadhani ni mtindo wa rangi aliouacha muuzaji. E nikadhani nafasi ni kubwa mno, kamera imeshindwa kuhesabu.

Basi bi harusi akaingia. Nikapiga. Wazazi wakapanda jukwaani, nikapiga. Ndafu ikaletwa, mbuzi mzima amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, vijana wanne wanacheza naye, na mimi niko magotini mbele yao narudi kinyumenyume, nafyatua mfululizo. Mama mkubwa wa bi harusi akaniinamia kuangalia skrini. "Hapo sasa, mwanangu! Huyu mbuzi katoka vizuri kuliko shemeji yangu." Nikamshukuru. Nikamwambia ni uwezo wa fremu kamili.

Mama wa bi harusi akamkumbatia binti yake, akalia. Chozi moja likasimama kwenye poda, taa ikalipata, nikalipata. Naliona hadi leo. Nitabaki kuliona peke yangu.

Chakula kikaanza. Baba mdogo akaja na sahani yake: "Kijana, hebu nirudishie pale tulipoingia." Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kutaka picha ya nyuma, si ile iliyopigwa sasa hivi. Nikabonyeza kitufe cha kuangalia. Kamera ikaniambia hakuna memori. Nikatabasamu. Nikazima, nikawasha. Hakuna memori. Nikapuliza. Sijui nilipuliza nini. Kidole gumba kikateleza hadi kwenye mlango wa kulia, nikausukuma nyuma, ukafunguka taratibu, na taa ya zambarau ikaingia tunduni ikafika mpaka mwisho, mahali ambapo haikutakiwa kufika. Pini zinameta huko ndani. Nikaingiza kidole. Baba mdogo anatafuna, ananiangalia.

Ndipo nikafanya jambo ambalo naomba msilifanye. Nikatoa SD, nikaiingiza. SD ni milimita 32 kwa 24, unene 2.1. XQD ni 38.5 kwa 29.8, unene 3.8. Ilizama humo kama mtoto ndani ya koti la babu, na haikutoka. Ukiichokonoa hovyo unapinda pini, na pini ikipinda umepata mapambo ya sebuleni. Aliyeniokoa ni dada wa vipodozi, kwa kibanio chake cha kunyolea nyusi, kamera imepinduliwa chini juu karibu na meza ya keki, ukumbi mzima unatazama.

MC akanijia, maiki iko wazi mkononi. "Vipi kamanda?"

Nikamjibu nikiwa bado nimeinamia tundu: "Sina kadi."

Spika nane zikarudia.

Kijana wa mlangoni alikuja mbio, na kusema kweli alikuwa na adabu. "Kaka, samahani. Uliingiaje? Ulikuwa singo au dabo?" Nikaanza kumweleza habari za XQD. Mama mkubwa akapiga kelele, "Mwacheni, huyo ni mpiga picha wetu!" Halafu kutoka meza ya kamati, mweka hazina, bila hata kugeuka: "Mchango wake nao sijauona."

(Wale mnaonitumia majina ya programu za kurejesha picha, asanteni, lakini hazina cha kurejesha. Programu zile zinafufua kilichofutwa kwenye memori. Changu hakikufutwa, hakikuandikwa popote. Kilipita kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera kikaondolewa na picha iliyofuata. Na anayesema ningetuma kwa simu: simu nayo inachukua kutoka kwenye memori. Njia ingekuwa waya wa USB-C hadi kwenye kompyuta yenye programu ya kupokea picha, na kompyuta ilikuwa nyumbani, inamlinda XQD.)

Yaliyobaki nitayakimbiza. Nilimpigia mdogo wangu, bodaboda akaleta risa, XQD, na chaja ya kompyuta ambayo hakuna aliyeiomba. Tukarudia kuingia. Ndafu ilikuwa imebaki kichwa na mbavu za upande mmoja, tukaugeuzia kamera upande huo na kuziba pengo kwa kabeji. Mama wa bi harusi aliombwa alie tena, akacheka mpaka akakaa chini. Mtu wa video akanipa fremu zake. Anarekodi Full HD, ambayo ni megapikseli 2 tu kwa fremu, kwa hiyo kwenye albamu ndogo zinapita, za kutundika ukutani hapana. Bei nimepunguza, kiasi gani ni siri yangu na mweka hazina.

Ile shata nimeshaifunga: bila memori haifyatuki. Nimetafuta na kadi ya pili, CFexpress aina ya B, ambayo umbo lake ni lilelile la XQD na Z6 inaipokea mradi programu yake ya ndani imesasishwa. Ukinunua mtumba angalia hilo kwanza. Anayeuza D750 safi anitafute faragha.

Harusi yenyewe ni Jumamosi. Hawakunifukuza, ila mama mkubwa amesema kadi ataiweka yeye tunduni kwa mkono wake, na atakuja na kibanio.