Hapa Upande Huchaguliwa Alhamisi, Kwetu Mtu Huzaliwa Nao

Alhamisi ya wiki ya Super Bowl ya Februari 2025, yaani fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, msimamizi wa zamu yetu alibandika karatasi kwenye mlango wa friji la chumba cha mapumziko. Aliigawa safu mbili kwa kalamu nyekundu, Kansas City Chiefs upande huu na Philadelphia Eagles upande ule, akamtaka kila mfanyakazi aandike jina lake chini ya timu anayoiunga mkono. Ninaishi Columbus, Ohio, mji usio na timu katika ligi ile, na miongoni mwa walioandika hakuwamo hata mmoja aliyezaliwa Kansas City au Philadelphia. Waliandika hivyo hivyo. Mmoja alichagua Chiefs kwa sababu mchezaji wao Travis Kelce ni mtoto wa Cleveland Heights, humu humu Ohio. Mwingine alichagua Eagles kwa sababu amechoka kuwaona Chiefs wakishinda, maana walikuwa wamekwisha kulitwaa kombe miaka miwili mfululizo na sasa walikuwa wanalitaka la tatu. Mama mmoja wa idara ya upakiaji alisema kijani ni rangi nzuri, akaandika jina, akaenda zake. Mimi nilipochelewa niliambiwa kwa upole, kama mtu anayehimizwa kuagiza soda, nichague yoyote tu.

Kauli hiyo ilinikera, na sikujua mara moja kwa nini. Mimi sijawahi kuchagua timu. Nilipopata akili niliikuta Simba imekwisha kukaa nyumbani kwetu: kadi ya uanachama ya baba ilitunzwa kabatini pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, na baba mdogo, ambaye ni Yanga wa kufa, alikuwa haonekani Jumapili baada ya mechi ya watani ila pale timu yake iliposhinda. Hakuna aliyetuketisha watoto akatueleza sababu. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na tangu hapo familia za Dar es Salaam, na baadaye za nchi nzima, zimekuwa zikirithishana upande pamoja na ugomvi wake. Anayejaribu kukwepa hakwepi. Mtu wa Tanga akijitambulisha kuwa ni wa Coastal Union, waliokuwa mabingwa 1988, ataitikiwa kwa heshima zote, kisha ataulizwa: sawa, lakini kati ya Simba na Yanga? Mtu wa Azam naye huulizwa hivyo hivyo, ingawa timu yake ilitwaa ubingwa msimu wa 2013/14, na baada ya hapo hadi 2025 hakuna aliyeugusa tena ubingwa huo isipokuwa watani wawili. Hata timu tulizozichagua wenyewe kwenye televisheni tumezigeuza urithi. Wapo watoto Mbagala waliozaliwa Arsenal, wanaobeba machungu ya misimu iliyochezwa kabla hawajakuwapo duniani.

Najua mtakalosema. Mtasema huyu amefika Marekani, amekula mabawa ya kuku kwenye meza ya ofisi, na sasa anataka kutufundisha namna ya kushangilia. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunivua uraia. Sikusema kwamba wao wanashangilia vizuri kuliko sisi, na kwa kweli ushabiki wa siku moja niliouona Jumapili ile ulikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyelelewa Kariakoo. Mechi ilichezwa New Orleans, uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili, na ilipofika mapumziko Eagles walikuwa wanaongoza kwa pointi 24 bila. Wenzangu walikuwa wakizungumzia bei ya nyumba. Yule wa Kelce, aliyekuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa chini ya Chiefs, alikuwa amekwisha kuhamia Eagles kabla robo ya tatu haijamalizika, tena bila haya, akisema kwamba sasa anataka tu kuona Chiefs watafungwa kiasi gani. Walifungwa 40 kwa 22, naye akashangilia kama mtu wa Philadelphia.

Mtu wa kwetu hahami. Novemba 5, 2023, Yanga walipotufunga mabao 5 kwa 1, nilizima simu, na wakati huo kati yangu na Uwanja wa Mkapa kulikuwa na bahari moja na mabara mawili. Haikunisaidia kitu, kwani nilipoiwasha ujumbe wa baba mdogo ndio uliotangulia, nao haukuwa na salamu. Nilikasirika, nikacheka, nikajibu kwa kumkumbusha zile 5 bila tulizowafunga Mei 2012, akanijibu kwamba mtu mzima haishi kwa kumbukumbu. Raha ya namna hiyo sijaipata hapa, wala siwezi kuiandika kwenye karatasi ya mlangoni.

Atakuja mwingine, mjuzi zaidi, aniambie kwamba Wamarekani nao wana ushabiki wa damu na kwamba nimetazama friji moja nikahukumu taifa zima. Huyo nampa haki yake. Watu wa Philadelphia wenyewe hawakuwa wanachagua rangi nzuri. Mwaka 2018, timu yao ilipokuwa ikielekea kushinda Super Bowl kwa mara ya kwanza, mamlaka ya mji ilipaka grisi nguzo za taa ili mashabiki wasizipande, na walizipanda. Hata hapa Columbus ubaridi wote huo huisha inapofika mwisho wa Novemba, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State inapokutana na ya Chuo Kikuu cha Michigan. Wiki hiyo herufi M zilizoandikwa kwenye mabango ya chuo huwekewa alama nyekundu ya mkasi, zisionekane nzima hadi mechi ipite. Mwaka 2024 Michigan walishinda 13 kwa 10 humu humu Columbus, wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, na ugomvi uliozuka ukatulizwa na polisi kwa dawa ya kuwasha macho. Ohio State walikuja kuwa mabingwa wa vyuo wa nchi nzima Januari iliyofuata, lakini wapo majirani zangu wanaoona kwamba bado msimu ule una doa. Hao ni watu wale wale wanaonieleza Februari kwamba nichague yoyote tu.

Kwa hiyo damu wanayo. Ninachokiona kwao ambacho kwetu kimepotea ni kwamba wanaruhusiana kutokuwa na upande. Mtu wa Cincinnati, ambaye timu yake imefika Super Bowl mara tatu ikafungwa zote, au mtu wa Cleveland, ambaye yake haijawahi kufika kabisa, anaweza kuketi mbele ya fainali ya wengine akasema hana lake hapo, na akaaminika. Mwaka 2023, ndugu wawili wa tumbo moja, Jason na Travis Kelce, walipokutana katika fainali wakiwa timu pinzani, Eagles na Chiefs hao hao, mama yao alikuja uwanjani amevaa koti lililoshonwa nusu timu hii, nusu timu ile, na nchi ikampenda. Kwetu mama huyo angepongezwa hadharani, kisha akavutwa kando na kuulizwa: mama, hapa tupo wenyewe, moyoni ni wapi?

Swali hilo la moyoni ndilo linalotuharibia mpira. Sisi hatuamini kwamba yupo mtu wa kati. Refa akiteuliwa, kabla hajapuliza filimbi tumekwisha kutafuta alikulia mtaa gani, baba yake alikaa jukwaa lipi, na siku fulani alipigwa picha amevaa fulana ya rangi gani. Ofisa wa ligi hivyo hivyo, mtangazaji wa redio hivyo hivyo, hata daktari anayetoa taarifa ya majeruhi. Machi 8, 2025, mwezi mmoja tangu ile fainali ya New Orleans, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimewaeleza wenzangu kwamba sasa wataona Simba na Yanga, mechi ya watu wenye upande, na kilichotokea mnakijua, sina haja ya kukisimulia. Mechi haikuchezwa. Nilipotakiwa kueleza kwa nini mchezo wa nchi nzima umeahirishwa siku yenyewe, watu wakiwa wamekwisha kununua tiketi na wengine wakiwa njiani kutoka mikoani, nilijikuta nikieleza habari za Simba kuzuiwa getini wasifanye mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na kanuni zinavyosema, na kadiri nilivyoendelea nilisikia sauti yangu ikimtetea Mnyama, Simba yetu. Ndivyo tulivyo wote. Jiulizeni kama mmewahi kusikia maelezo ya siku ile, kutoka kwa mtu yeyote, ambayo hayakuwa na jezi ndani yake.

Ilipokuja kuchezwa, Juni 25, waamuzi waliletwa kutoka Misri. Nchi yenye zaidi ya watu milioni 60 iliagiza waamuzi wa dabi yake kutoka bonde la Nile, na sikumwona mtu aliyeona ajabu, wengi tulishukuru. Yanga wakashinda 2 bila na ubingwa wakauchukua. Mtasema ninalalamika kwa kuwa tulifungwa. La, mabao yalikuwa mabao. Ninacholalamikia ni kwamba tulihitaji ndege ya kimataifa ili tukubali kufungwa.

Wamarekani nao hushuku waamuzi, msidhani nimesahau. Wiki ile ile ya fainali, tuhuma kwamba Chiefs wanabebwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wa ligi, Roger Goodell, aliulizwa mbele ya waandishi wa habari, akazitupilia mbali akiziita za kipuuzi. Lakini sikilizeni tuhuma yenyewe ilivyokuwa: ligi inawapendelea Chiefs kwa sababu wanaleta watazamaji na fedha. Sikumsikia hata mmoja akisema refa ni Chiefs wa kuzaliwa. Kwao hofu ni kwamba mwamuzi amenunuliwa au ameelekezwa, na hilo linaweza kuchunguzwa. Kwetu hofu ni kwamba mwamuzi ana baba.

Sasa nigeuze, maana wepesi wao una bei, na bei hiyo sisi hatujailipa. Timu zao zina wenyewe, na mwenye timu akitaka huipakia akaondoka nayo. Machi 1984 watu wa Baltimore waliamka wakakuta Colts wamepakiwa usiku kwenye malori kuelekea Indianapolis. Hapa Ohio, Cleveland walinyang'anywa timu baada ya msimu wa 1995, ikaenda hiyo hiyo Baltimore, wakabaki na jina na rangi hadi walipopewa timu mpya 1999. San Diego waliwapoteza Chargers 2017, Oakland wakawapoteza Raiders 2020, na hata Chiefs hawa wenyewe walianzia Dallas kabla ya kuhamishwa 1963. Inayofanana na klabu zetu ni moja tu, Green Bay Packers, ambayo hisa zake ziko mikononi mwa watu wa kawaida zaidi ya laki tano. Mtu anayejua kwamba mapenzi yake yanaweza kupakiwa kwenye lori hujifunza kuyashika kwa vidole viwili, na nadhani huko ndiko ulikotoka urahisi wa kuandika jina lolote kwenye karatasi yoyote.

Na aje basi tajiri yeyote ajaribu kuihamishia Yanga Dodoma, au Simba Arusha. Fedha zake tutazipokea, usajili tutaushangilia, picha yake tutaibandika kwenye daladala, lakini siku atakapoligusa jengo la Yanga la Jangwani au la Simba la Msimbazi atajua timu ni ya nani, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, baba na baba mdogo wangesimama upande mmoja wa barabara. Hilo najivunia, na huwaeleza wenzangu kazini hadi wanachoka.

Kwa hiyo anayeniambia nimeyakana ya kwetu hajanisoma. Sitaki tuchague upande Alhamisi. Urithi ubaki, utani ubaki, baba mdogo aendelee kutuma ujumbe usio na salamu. Ninachouliza ni kama tunaweza, katika nchi nzima, kumwachia mtu mmoja mwenye filimbi na mwingine mwenye ratiba haki ya kusema kwamba wao hawamo, na sisi tukanyamaza. Anayeona kwamba jambo hilo tunalo tayari, na kwamba ni mimi ninayetuchafulia jina ughaibuni, aandike hapo chini jina la mwamuzi mmoja wa Kitanzania ambaye Simba na Yanga wote watamkubali wiki moja kabla ya dabi ijayo. Nitayasoma majibu yote. Jina la kwanza likitajwa, jibu litakalofuata litakuwa "huyo si Yanga huyo?", na sitashangaa nikikuta nimeliandika mwenyewe.