Mkuu wa Uchimbaji Asiwe Kila Kitu

Katika kambi ya akiolojia, yaani ya kufukua mabaki ya kale, mara nyingi mtu mmoja hushika kibali cha uchimbaji, fedha, funguo za gari na simu pekee inayopata mtandao. Huyohuyo ndiye ataandika barua ya mapendekezo ya mwanafunzi. Akiwa yeye ndiye mnyanyasaji wa kingono, malalamiko yapelekwe kwa nani?

Hapo ndipo sera za vyuo hukwama. Ziliandikwa kwa ajili ya ofisi, ambako jioni kila mtu hurudi kwake.

Mwaka 2014 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliohusisha watu 666 waliofanya kazi za uwandani katika akiolojia, anthropolojia na taaluma jirani. Asilimia 64 walisema wamewahi kutolewa maneno ya kingono, na zaidi ya mmoja kati ya watano waliguswa au kushambuliwa kingono. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo hazipimi kila kambi. Linalonishtua zaidi ni hili: wanawake walinyanyaswa hasa na waliowazidi cheo, ilhali wanaume walinyanyaswa hasa na wenzao wa ngazi moja.

Basi madaraka yagawanywe kabla ya safari. Mpokea malalamiko awe nje ya mradi, asiyemtegemea mkuu kwa mshahara wala shahada, na namba yake iandikwe kwenye daftari la kila mchimbaji. Simu ya pili ishikwe na mtu mwingine. Nauli ya kurudi nyumbani itengwe, itolewe bila saini ya mkuu. Na anayeondolewa kambini uchunguzi ukiendelea awe mtuhumiwa. Mlalamikaji akiondolewa yeye, hupoteza msimu mzima na alama zake, na wenzake hujifunza kunyamaza.

Mwaka 2023 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, lilianza kuzitaka taasisi zinazoomba fedha zithibitishe kuwa zina mpango wa usalama kwa kazi za nje ya chuo. Hatua nzuri, ila mpango usiofika mikononi mwa wachimbaji ni karatasi tu.

Ubaguzi nao una sura ya kimyakimya. Wasichana huosha vigae vya vyungu na kuandika lebo, wavulana hushika mwiko wa kuchimbia shimoni na vifaa vya upimaji. Msimu ukiisha, mmoja ana ujuzi wa kuombea kazi, mwingine hana. Ratiba ya zamu ya wiki, ikibandikwa hadharani, huonyesha haraka nani hajawahi kushuka shimoni. Hata choo kimo humu: kikiwa mbali au hakina faragha, wanawake hupunguza kunywa maji juani, kisha wakizidiwa huambiwa kazi hii haiwafai.