Schüttler si fainali ya 2003 peke yake

Namshukuru mwandishi kwa makala yake, lakini kumtaja humo Rainer Schüttler, mchezaji wa tenisi wa Ujerumani, kama mtu aliyechapwa tu na Andre Agassi katika fainali ya Mashindano ya Wazi ya Australia mwaka 2003 ni kumpunja. Ni kweli kwamba alifungwa 6-2, 6-2, 6-1. Hata hivyo, kabla ya siku hiyo alikuwa amewatoa David Nalbandian na Andy Roddick, na mwaka uliofuata alipanda hadi nafasi ya 5 duniani bila kuwa na mkwaju wa kuanzishia wa kutisha, akitegemea miguu, pumzi na ubishi wa kurudisha kila mpira.

Kwangu mimi, kipimo chake halisi ni fainali ya Olimpiki ya Athens 2004. Yeye na Nicolas Kiefer walikuwa na pointi nne za kutwaa dhahabu ya wachezaji wawili wawili katika seti ya nne, zote zikawaponyoka, na Wachile Fernando González na Nicolás Massú wakageuza mchezo hadi wakashinda seti ya tano. Mchezaji aliyepitia hayo, kisha akafika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 32, ana jambo la kumwambia mwanafunzi wake aliyekuwa akiongoza mchezo kisha akapitwa.

Ndiyo maana sikushangaa mchezaji mwenzake wa Ujerumani, Angelique Kerber, alipomchukua awe kocha wake mwishoni mwa 2018, ingawa waliachana mwaka uliofuata, wala Schüttler alipokabidhiwa timu ya taifa ya wanawake ya Ujerumani mwaka 2020.