Kotabeki Kapigwa, Wenzake Wafanyeje?

Oktoba 25, 2020, uwanja wa FedExField huko Landover, Maryland. Andy Dalton, kotabeki wa Dallas Cowboys, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anakimbia na mpira, anaona njia inaziba, anajiachia chini miguu ikitangulia. Kwa sheria za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kotabeki akishuka hivyo amekwisha kujisalimisha. Mchezo umeishia hapo, asiguswe. Jon Bostic, mkabaji wa Washington, anamfuata hukohuko chini na kumgonga kichwani. Helmeti inachomoka. Dalton analala pale kwenye nyasi, Bostic anatolewa nje, na mechi inaisha Washington 25, Dallas 3.

Lakini wiki ile watu hawakumjadili sana Bostic. Walijadili wachezaji wa Dallas, kwa sababu hakuna aliyemvaa. Hakuna aliyemkwida jezi wala kumwekea kifua. Kocha wao, Mike McCarthy, aliwasema hadharani baada ya mechi: kila siku tunazungumza habari ya kulindana, na kile sicho nilichokitegemea. Ukimsikiliza vizuri, hapo kocha wa timu ya kulipwa anawalaumu wachezaji wake kwa kutokwenda kuleta fujo.

Kwa aliyezoea soka, hili linahitaji maelezo kidogo. Katika futiboli ya Marekani, mbele ya kotabeki husimama watu watano: senta anayeanzisha mpira, na wawili wawili kila upande wake. Wengi wao wanavuka kilo 135. Mpira hawaugusi, ukimwacha senta. Yadi hawahesabiwi, na jina la mmoja wao hutajwa na mtangazaji hasa pale alipokosea. Kazi yao ni kuzuia, ili yule aliye nyuma yao apate sekunde mbili tatu za kutazama na kurusha. Mtu anayefanya kazi hiyo miaka kumi hujiona mlinzi wa nyumba. Jezi ya kotabeki ikichafuka anaona aibu ni yake. Basi akishuhudia mwenye nyumba anapigwa baada ya filimbi, au akiwa amejilaza, unamwambia atulie asubiri mwamuzi?

Wanaosema asitulie wana hoja, na haitoki kwenye hasira peke yake. Inatoka kwenye hesabu ya adhabu. Rudi Novemba 1986. Charles Martin wa Green Bay Packers aliingia uwanjani na taulo iliyoandikwa namba za wachezaji wa Chicago Bears aliokuwa anawawinda, ya kotabeki Jim McMahon ikiwemo. McMahon akarusha pasi, ikanaswa na wapinzani, naye akawa amesimama tu anatazama kwa mbali. Martin akamjia kwa nyuma, akamnyanyua, akambwaga kwa bega. Martin alitolewa nje na kufungiwa mechi mbili. McMahon ule ndio ukawa mwisho wa msimu wake. Bears, mabingwa watetezi, walimaliza na ushindi 14 na kupoteza 2, kisha wakafungwa nyumbani na Washington 27–13 kwenye mchujo. Mkosaji kalipa mechi mbili, aliyekosewa kalipa msimu. Bostic hakufungiwa hata mechi moja. Alipigwa faini, basi. Na mwaka 2012 ligi yenyewe ilitangaza kwamba New Orleans Saints walikuwa na mfuko wa kuwalipa wachezaji wanaoumiza wapinzani, kuanzia 2009 hadi 2011, jambo lililomgharimu kocha Sean Payton mwaka mzima wa kufungiwa. Mlinzi wa safu ya mbele aliyekulia kwenye historia hiyo akikwambia haiamini mahakama ya ligi, utamjibu nini?

Hoja yao ya pili ni ya ndani ya timu. Kotabeki anatakiwa asimame wima, macho yakiwa mbali mbele, huku watu wa kilo 120 wanamjia kutoka asikokuona. Anaweza kusimama hivyo kwa sababu anawaamini wale watano. Akianguka na kuona wanarudi kimyakimya kwenye mduara wao kupanga mchezo unaofuata, mpira ujao ataurusha nusu sekunde mapema, na nusu sekunde hiyo ndiyo tofauti kati ya pasi iliyofika na pasi iliyonaswa. Hilo nadhani ndilo lililomuuma McCarthy. Hakuwa anawaza Bostic, alikuwa anawaza chumba cha kubadilishia nguo.

Sasa upande wa pili, ambao kwa kweli una ushahidi mzito zaidi.

Kwanza, mwamuzi humwona wa pili. Shabiki wa soka anamkumbuka Beckham chini, Simeone juu yake, Saint-Étienne 1998. Aliyeanza alipata njano, aliyejibu kwa kamguu kepesi akala nyekundu. Futiboli ya Marekani ina ugonjwa huohuo, na huku unapimwa kwa yadi. Kotabeki akipigwa kinyume cha sheria, timu yake husogezwa mbele yadi 15 na kuanza upya kuhesabu majaribio yake manne ya kusogeza mpira yadi 10. Mwenzake akirusha ngumi, kitambaa cha njano cha pili, alama ya mwamuzi kwamba kuna kosa, kinaanguka, na mara nyingi makosa mawili yanafutana. Yaani kotabeki kapigwa, kaumia, na timu haikupata kitu. Wachezaji wa hoki ya barafu ya NHL huwa wanatolewa mfano hapa: Wayne Gretzky akiwa Edmonton alikuwa na Dave Semenko pembeni yake, na kila mtu alijua ukimgusa Gretzky utakutana na nani. Sawa, lakini kule ngumi ina bei iliyoandikwa, dakika tano za kukaa nje kisha unarudi mchezoni. Kwenye NFL ngumi inaweza kukutoa moja kwa moja.

Mfano wa karibuni ni Jacksonville, Desemba 1, 2024. Trevor Lawrence wa Jaguars alijiachia chini kama Dalton. Azeez Al-Shaair wa Houston Texans akamshukia na mkono eneo la kichwa na shingo. Picha za televisheni zilionyesha ngumi za Lawrence zimekakamaa mwenyewe akiwa chini, dalili ambayo hata asiye daktari aliisoma mara moja. Safari hii wenzake hawakusubiri. Evan Engram alimrukia Al-Shaair palepale, fujo ikalipuka, watu wakaja kutoka kila upande. Ukihesabu waliotolewa nje utakuta wawili: Al-Shaair, na Jarrian Jones, beki wa Jaguars mwenye msimu mmoja tu kwenye ligi, ambaye kwa nafasi yake hakuwa hata sehemu ya mchezo ule kwa sababu wakati kotabeki wake ana mpira mabeki wako nje. Jaguars walipoteza kotabeki kwa mtikisiko wa ubongo na beki kwa ghadhabu, wakapoteza na mechi 23–20. Al-Shaair alifungiwa mechi tatu. Lawrence hakucheza tena msimu ule.

Tazama pia aliyemfikia Al-Shaair wa kwanza. Engram si mtu wa safu ya mbele, ni mpokeaji. Wanaobishana kuhusu jambo hili huliruka hilo. Kotabeki anapoteleza chini, kwa kawaida amekwisha kimbia na kuwaacha walinzi wake nyuma. Wale watano wako walikoachwa, wengine bado wameshikana na wapinzani wao. Mtu wa kilo 140 akikimbia yadi 12 kwenda kulipiza kisasi, atafika mwamuzi akiwa amesimama katikati na kamera zote zimegeukia hapo. Kwa hiyo wanaolaumiwa zaidi kwa kukaa kimya ndio wenye safari ndefu zaidi na muda mrefu zaidi wa kuonekana wakikosea.

Ila mfano ninaourudia zaidi ni wa Cleveland, Novemba 14, 2019, kwa sababu pale walinzi wawili wa timu moja walitoa majibu mawili tofauti ndani ya sekunde zilezile. Zilibaki sekunde nane, Browns wanaongoza 21–7, mechi imekwisha. Myles Garrett wa Browns akamwangusha Mason Rudolph, kotabeki wa Pittsburgh Steelers, wakavutana chini, Garrett akamvua Rudolph helmeti kwa nguvu na kumpiga nayo kichwani. Mtu kampiga mwenzake kichwa kitupu kwa helmeti. Sidhani kuna anayeweza kukaa kwenye kochi lake na kudai damu yake isingechemka.

David DeCastro, mlinzi wa kulia wa Steelers, alimkumbatia Garrett, akaanguka naye na kumlalia. Maurkice Pouncey, senta, akaja juu yake, akarusha ngumi kadhaa, kisha akapiga teke kuelekea kichwa cha mtu aliyekwisha kubanwa chini. DeCastro hakufungiwa. Pouncey alipewa mechi tatu, zikapunguzwa kuwa mbili baada ya rufaa, na faini juu. Garrett alikosa mechi zote sita zilizobaki za msimu.

Niulize ni nani kati ya wale wawili aliyemlinda Rudolph. Mikono ya DeCastro ilikuwa imezunguka kitu cha hatari na kukiondoa. Miguu ya Pouncey ilikuwa inafanya kazi nyingine, na naielewa, na sitajifanya kwamba sikuishangilia nilipoiona mara ya kwanza. Mashabiki wa Pittsburgh walimpenda zaidi baada ya siku ile. Hata matokeo hayakumsuta: Steelers walishinda mechi zote mbili alizokosa, dhidi ya Cincinnati na kisha Browns haohao. Anayetaka kuthibitisha kwamba ghadhabu ya mlinzi lazima iigharimu timu hatapata msaada hapo. Lakini kuna kipande kingine. Kwenye ile mechi ya Cincinnati, Rudolph aliwekwa benchi katikati ya mchezo, akaingia Devlin Hodges. Pouncey yuko nje anatumikia adhabu ya kumpigania kotabeki ambaye kocha keshambadilisha.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, mimi ni wa DeCastro. Mlinzi aende, tena aende mbio, aingie kati, amsogeze mkosaji kwa kifua na viganja vilivyo wazi, amkumbatie ikibidi. Kusukumana huko waamuzi mara nyingi wanakuacha. Ngumi na teke aviache, kwa kuwa kotabeki keshapigwa tayari na ngumi haiwezi kurudi nyuma kumkinga. Waliotulia kabisa kama Dallas siwatetei. Nawaelewa tu kuliko McCarthy alivyowaelewa siku ile.

Maana angalia ile safu ilikuwa ya nani. Tyron Smith na La'el Collins walikuwa wameumia, msimu umewaishia. Travis Frederick, senta wa miaka mingi, alistaafu Machi mwaka huohuo. Zack Martin alikosa mechi ile kwa sababu ya kichwa chake mwenyewe kutikiswa wiki iliyotangulia. Wengi wa waliobaki walikuwa wabadala na wageni. Dalton naye alifika Dallas Mei, kwa mkataba wa mwaka mmoja, na alikuwa anacheza kwa sababu Dak Prescott alivunjika kifundo cha mguu wiki mbili kabla. Mtu humpigania aliyekula naye misimu mitano. Hawa walikuwa hawajazoeana hata kelele zao za kuitana kwenye mstari, na kila mmoja wao alikuwa anachungulia kama Jumanne atakuwa bado na kazi. McCarthy alidai udugu kwa watu waliokutana kituo cha basi.

Kuna jambo la mahakama ya ligi sijalisema, na linanipa tumaini kidogo. Barua ya kumfungia Al-Shaair ilitoka kwa Jon Runyan, ambaye zamani alikuwa mlinzi wa pembeni wa Philadelphia Eagles, na hakuwa mpole. Rufaa ilisikilizwa na Ramon Foster, aliyecheza miaka mingi Pittsburgh akiwa ubavuni mwa Pouncey. Foster aliziacha mechi tatu kama zilivyokuwa. Watu wa safu ya mbele ndio walioshika kalamu. Mechi tatu bado ni chache ukilinganisha na msimu wa Lawrence, lakini ni nyingi kuliko za Charles Martin wa 1986, na ni nyingi sana kuliko sifuri ya Bostic. Bei ya kumpiga aliyejilaza ikiendelea kupanda hivyo, yule wa kilo 140 atakuwa na sababu ndogo zaidi ya kukimbia zile yadi 12.

Wiki moja baada ya Landover, Dallas walienda Philadelphia na Ben DiNucci, kotabeki aliyechaguliwa raundi ya saba mwaka uleule, akianza mechi kwa mara ya kwanza. Walifungwa 23–9. Katika robo ya nne alikabwa akiwa bado na mpira mkononi, ukamchomoka, Rodney McLeod akauokota na kukimbia nao yadi 53 hadi mwisho wa uwanja. Hakuna kitambaa kilichorushwa. Aliyemkaba alimkaba kihalali, na wale watano mbele yake hawakuwa na mtu wa kwenda kumkwida.